Mgeni Ndiye Husoma Menyu

Tak. Tak. Tak-tak. Kimya kidogo, kisha tak moja nzito ya kufuta.

Dirisha lilikuwa bado jeusi, lakini nilijua ni Baba, yuko sebuleni na kompyuta yangu. Vidole vyake navijua kwa masikio. Zamani vilipita kwenye kibodi kama manyunyu juu ya bati, bila kukatika, na ofisini walimwita Mzee Vidole. Siku hizi mkono wa kulia unatetemeka. Kidole kikigusa herufi, kinaigusa tena kabla hakijainuka, na manyunyu yale yameingiwa na kwikwi.

Jana yake ilikuwa siku yake ya mwisho kazini. Hakufukuzwa, aliaga mwenyewe. Alikuwa mwandishi wa programu inayopanga zamu za wauguzi hospitalini. Mwezi uliopita aliandika wodi ya 4, kidole kikarudia, ikatoka wodi ya 44. Wauguzi wakazunguka korido asubuhi nzima wakitafuta wodi ambayo haijajengwa.

"Nimewajengea wodi bure, bado mnalalamika," aliwaambia wenzake, wakacheka wote.

Nyumbani hakula. Siku chache baadaye alimwambia mkuu wake kwamba amechoka, vijana wapewe nafasi. Nafasi akapewa kijana mmoja wanayemwita Mpole.

Nilitoka chumbani nikawasha taa ya jikoni, nikaweka maji ya chai.

"Umeamka mapema, Baba."

"Nani kakwambia nililala?"

"Unaandika nini?"

"Barua ya kuomba kazi ya ulinzi." Akacheka peke yake. "Niachie utani wangu, mwanangu. Ndiyo mali pekee niliyotoka nayo ofisini."

Nikasogea. Alikuwa anamwandikia Mpole maelezo, ili ile programu isije ikamsumbua. Kila mstari ulikuwa na kwikwi yake: wauguzii, zaamu, woodi. Anaandika, anafuta, anaandika tena. Kila akipumzika, mkono wa kulia anaukalia, kama mtoto aliyekatazwa kushika kitu.

Kompyuta ilikuwa yangu, ya masomo yangu ya jioni, lakini programu ya kuandikia ilikuwa imeshageuka kuwa yake. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake. Mipangilio yote aliiandika kwa mkono, mstari kwa mstari, ndani ya faili moja aliloliweka kwenye flashi iliyofungwa pamoja na ufunguo wa nyumba. Popote alipokaa, alichomeka flashi, na programu ikamtii. Mstari wa kwanza kabisa wa faili hilo uliificha menyu yote, ile orodha ya amri inayokaa juu ya ukurasa. Hakutaka hata kuiona. Mimi niliyejifunza kwa kubonyeza menyu alinicheka tangu siku ya kwanza.

"Mgeni ndiye husoma menyu," alikuwa akisema. "Mwenyeji anajua jikoni kuna nini."

Na kweli alijua. Nilichokitafuta mimi kwa mausi huku na huko, yeye alikifikia kwa vitufe viwili, hata hajatazama.

Binti yangu akatokea akiburuta shuka. Sisi humwita Kidoti. Akapanda mapajani kwa babu yake bila kusalimia, akakitazama kioo cha kompyuta, akanuna.

"Babu, picha zangu ziko wapi?"

Alimaanisha vile vichoro vya kwenye menyu: brashi, kioo cha kukuzia, gurudumu lenye meno. Kwenye kompyuta yangu huwa namwachia avibonyeze.

"Zimelala," Baba akasema.

"Ziamshe."

"Ukiwa mkubwa hutazihitaji."

"Sasa mimi si mkubwa."

Nilicheka mpaka nikamwaga majani ya chai. "Hapo kakushika, Baba."

"Huyu atakuwa wakili," akanung'unika. Akaingia kwenye faili lake, akaufuta ule mstari wa kwanza. Menyu ikajitokeza juu ya ukurasa, na Kidoti akalibonyeza gurudumu papo hapo. Herufi anazijua, maneno bado, kwa hiyo mchezo wake ni kuonyesha kwa kidole na mtu mzima anasoma. Menyu yangu niliiweka kwa Kiswahili kwa ajili yake.

"Hii?"

"Ukubwa wa maandishi."

"Hii?"

"Rangi ya ukurasa."

"Na hii?"

"Puuza herufi iliyoguswa tena kwa bahati mbaya." Chini yake palikuwa na maandishi madogo. Baba alianza kuyasoma kwa sauti ileile ya mchezo. "Kwa watumiaji wanaotetemeka..."

Akakisogelea kioo.

"Malizia, Babu."

"Mikono," akasema. "Wanaotetemeka mikono."

Akavua miwani, akaivaa tena. Maji yalikuwa yanachemka na hakuna aliyeyaendea.

"Hii imekuwepo tangu lini?"

Niliinama nikatazama. "Ilikuja na toleo la mwaka juzi."

"Toleo hilo nililiweka mimi mwenyewe. Ofisi nzima niliwawekea mimi." Akatikisa kichwa taratibu. "Jikoni wameongeza chakula, mwenyeji kalala njaa."

Nikasema la kijinga. "Lakini hata bila menyu, Baba, si ungeongeza mstari tu kwenye faili lako? Ingefanya kazi vilevile."

"Mstari mmoja. Ningeuandika nimefumba macho." Alinitazama kana kwamba mimi ndiye mwalimu. "Lakini utaandikaje jina la kitu usichojua kama kipo? Nilidhani menyu ni ya asiyejua. Kumbe na anayejua ana yaliyokuja baada ya yeye kujua."

"Usijisumbue, Baba."

"Wewe uliniambia. Ulisema, Baba, ifungue menyu siku moja uone. Nikakuuliza kama nina sura ya mgeni."

"Ulikuwa unatania."

"Utani mzuri una ubaya wake. Unausema mpaka unauamini."

Kulipopambazuka vizuri alichukua simu, akampigia mkuu wake. Sauti ya mkuu ilisikika mpaka jikoni.

"Mzee Vidole! Hata siku haijaisha umetukumbuka?"

"Mkuu, nilitaka kuuliza habari ya kile kiti changu."

"Mzee wangu. Mpole nimemkabidhi jana jioni. Kijana kampigia mama yake simu mbele yangu, analia kwa furaha. Ungeniambia juzi. Hata juzi tu, ningekusubiri. Kuna nini?"

Baba alitazama ukutani. Niliona midomo yake ikiandaa maneno mengi, halafu ikayameza.

"Hakuna. Nilisahau kikombe changu pale mezani."

"Tutakuletea."

"Msihangaike. Mpeni Mpole."

Akakata simu, akaiweka kifudifudi. Nikamwekea chai, nikamshika bega. Lilikuwa jembamba kuliko nilivyokumbuka. Nilitaka kumwambia kwamba kuna ofisi nyingine, kwamba nitauliza kwa mwalimu wangu wa jioni, kwamba mikono yake bado ni mikono. Nikasema tu, "Maelezo ya Mpole hayajaisha, Baba."

"Kweli," akasema. "Huyo hana kosa."

Kidoti alikuwa bado ameelekeza mausi pale pale, kwenye kisanduku kitupu. "Babu, nibonyeze?"

"Bonyeza."

Alama ya vema ikatokea. Baba akausogeza mkono wa kulia polepole, akaandika neno wodi, akafika kwenye namba. Kidole kiliteremka na nikakisikia wazi kikigusa mara mbili, tak-tak, kama alfajiri ile. Nilifumba macho, kisha nikayafumbua.

Kidoti akasogeza pua karibu na kioo.

"Babu, nne imetoka moja."