Mlango wa Kiini

Mwalimu Felicitas alifika chumba cha kusahihishia mitihani ya majaribio, pale Temeke, kitabu kipya cha biolojia kwapani. Rufaa zingefungwa saa sita mchana, na mwanafunzi wake Salsabil alipungukiwa alama nne tu apate nafasi pekee ya mafunzo ya maabara.

Ndani alikuwamo mkuu wa usahihishaji, Mwalimu Kasimiri, aliyemfundisha Felicitas mwenyewe zamani. Shikamoo alimpa, maana adabu ni adabu, ila aliitoa kama anayetema kokwa.

Swali la tisa liliuliza vitu vinaingiaje kwenye kiini cha seli. Salsabil, ambaye baba yake ni karani wa geti bandarini, aliandika kwamba molekuli ndogo hupita zenyewe, lakini protini kubwa haiingii mpaka iwe na alama yake na mbebaji anayeitambua, kama lori lisivyopita getini bila kibali. Kasimiri alimpa sifuri, akaandika pembeni: “Hii ni bandari, si biolojia.”

Mwongozo wake wa kusahihishia ulitaka jibu la chekecheke. Ukuta una matundu, kila kitu hupita, basi. Kwa mwongozo huo kiini kingekuwa soko la Tandika siku ya mkesha wa Idi!

Felicitas alimfungulia kile kitabu, ukurasa wenyewe. Mzee hakukitazama. Alisema watahiniwa mia mbili wameandika chekecheke, na wengi wametoka shuleni kwake Felicitas.

“Kama wamekosea, nani kawafundisha?” aliuliza.

Hapo ndipo palipomuuma Felicitas. Miaka tisa alikuwa akiandika chekecheke ubaoni, mpaka Salsabil alipomletea kitabu hicho na kumwuliza taratibu, wenzake wakicheka. Na yeye, aibu yake, alimwambia akae chini.

“Mie,” alijibu. “Nipe karatasi.”

Akaandika kwamba amefundisha makosa miaka tisa, akasaini, akamsogezea mzee kalamu.

“Na wewe saini hapa chini, mwalimu. Mie nilinakili kwako.”

Kasimiri aliisogeza kando kalamu ile. Kisha akachukua nyekundu, akakata sifuri, akaandika nne. Barua hakuisaini.

Felicitas aliikunja, akaondoka nayo bila kuaga. Jumatatu aliisoma mbele ya darasa zima, neno kwa neno, Salsabil akiwa amekaa mstari wa mbele.