Ndimu za Mama Yake Chenda

Mimi Semeni nina mdomo, nakiri. Nilipofika Bawshar, pale Maskati, kutoka Muheza, Bi Kheiria alinichukua kwa sababu mbili: najua kupika wali wa nazi, na najua kusema. Yeye alizaliwa Unguja, akaja Maskati akiwa msichana, na Kiswahili chake bado ni cha huko huko. Mwenzangu wa kazi alikuwa Chenda, msichana wa Kambodia. Hakujua Kiswahili. Mimi na yeye tulielewana kwa kile Kiarabu cha jikoni ambacho sisi wafanyakazi wa Ghuba tunakiokota njiani, hakina mbele wala nyuma, lakini kinatosha kuombana chumvi na kusengenya. Bibi hakukielewa: nyumbani kwake ni Kiswahili tu, na Kiarabu chenyewe hakikumkaa. Basi kila alichotaka kumwambia Bibi kilipita kwangu, na kila alichosema Bibi kilirudi kupitia kwangu. Nilijiona mtu mkubwa.

Kazi ya Chenda ilikuwa kumhudumia Bi Kheiria, aliyesumbuliwa na magoti. Lakini sifa zake zilikuwa nywele. Zilimshuka hadi kiunoni, nyeusi, nzito, na hazikujua shampuu. Wiki ya kwanza alinionyesha kwa mikono kwamba anataka ndimu za kuoshea kichwa. Nikamletea zile kavu nyeusi tunazotia kwenye mchuzi. Alizinusa, akacheka mpaka akakaa chini. Siku nyingine dereva alitupeleka sokoni Mawaleh, akazipata mwenyewe kwa muuza vitu vya Asia: ndimu za kijani, ngozi imejaa makunyanzi, harufu yake inakufuata mpaka nyumbani.

Alizibabua motoni mpaka zikatoa jasho, akazikata, akazichemsha, akazikamua na kuchuja kwa kitambaa. Maji ya kuoshea mchele aliyaacha yachachuke siku mbili, nikalalamika jiko linanuka. Manjano mabichi aliyatwanga na unga wa mchele, ya kusugulia ngozi. Yote hayo alifundishwa na mama yake, ambaye hakuwahi kununua dawa ya nywele maishani mwake. Bi Kheiria alikubali kujaribiwa kwa mzaha tu, na tangu hapo kila Ijumaa asubuhi ikawa ni siku ya kichwa. Nywele zake hazikurefuka, nisidanganye, lakini ziliacha kukatika. Tena alikuwa akisinzia mikononi mwa Chenda, na mumewe, Mzee Fahd, akipita mlangoni anamtania kwamba ameolewa na msichana huyo, si na yeye.

Siku moja tukikamua ndimu, Chenda alinieleza jambo lililomkaa moyoni. Miaka minne nyuma aliondoka kwao bila kuaga. Alijua mama yake angemzuia, kwa hiyo alitoka alfajiri, mama akiwa sokoni. Kwao mwaka mpya huingia Aprili, na siku hizo watoto huwaogesha wazazi wao kwa maji yenye manukato, huku wakiomba msamaha kwa makosa yao. Mzazi husamehe, hubariki, basi yanakwisha. Mkataba wake ulikuwa unaisha Machi. Alikuwa akihesabu siku ili Aprili imkute amepiga magoti mbele ya mama yake, na birika la maji ya ndimu mkononi. Hakutaka kusamehewa kwa simu.

Januari Mzee Fahd akafariki, na Bi Kheiria akakaa eda. Miezi minne na siku kumi hatoki, hajitii manukato, hapaki wanja wala hina. Mimi ndiye niliyemwambia Chenda aweke mbali ndimu zake na manjano yake. Kichwa cha Bibi sasa kilioshwa kwa majani ya mkunazi tu. Chenda alielewa. Alichoniuliza ni tarehe eda itakapokwisha.

Siku ya kumi ya msiba Bi Kheiria aliniita chumbani.

"Semeni mwanangu, huyu mtoto safari yake Machi, na eda yangu haishi mpaka mwisho wa Mei. Nnajua ana mamaake anamngoja. Mwambie akitaka kwenda aende, nnamruhusu kwa moyo mweupe. Akitaka kukaa nami, nitashukuru. Mwache achague mwenyewe."

Kutoka chumba kile mpaka jikoni ni mwendo wa hatua thelathini. Katika hatua hizo niliwaona wageni wote wa msiba wanaosubiri kahawa, nikaona masufuria, nikaona magoti ya Bibi ya kusuguliwa na choo cha kumpeleka, yote juu yangu peke yangu. Nilipofika jikoni nilikuwa nimeshachoka kwa kazi ambayo sijaifanya. Nikamwambia Chenda, Mama (ndivyo alivyomwita Bibi) anasema ukae mpaka eda iishe.

Akauliza mwaka mpya je. Nikamwambia mwaka mpya uko kila mwaka. Nikarudi kwa Bibi, nikamwambia amechagua kukaa.

Bi Kheiria alilia. Alimwita Chenda, akamshika uso kwa mikono miwili, akambusu kipaji. Chenda alidhani anapewa pole.

Aprili ilipofika, dada yake alimpigia simu ya picha. Nilikuwa pembeni nikimenya vitunguu, nikaona ua wa nyumba, na kikongwe ameketi kwenye kigoda, kitambaa kifuani, watoto wakimmiminia maji. Yule mama aliitazama simu, akasema kitu. Chenda alinitafsiria baadaye. Mama yake aliuliza maji ya mtoto wa mwisho yako wapi.

Wiki tatu hazikutimia. Mama yake Chenda alilala, hakuamka, na maziko hayakumngoja mtoto aliye mbali.

Kwao mtoto aliyefiwa na mzazi hunyoa kichwa. Chenda alinijia na mkasi, nikakataa. Nilimwambia Bibi atakasirika, wageni watamcheka. Bi Kheiria alipopata habari alisema huo ni msiba wa mwenyewe na ndivyo kwao wanavyoomboleza, nichukue mashine ya kunyolea ya marehemu Mzee kabatini. Basi nikanyoa mimi. Nilizikata kwanza, mafungu mazito yenye harufu ya ndimu, nikayalaza kwenye gazeti, kisha nikapitisha mashine mpaka ikabaki ngozi. Kichwa chake kilikuwa kidogo sana. Nililia kuliko yeye, na Bibi akanisifu kuwa nina huruma.

Tangu siku hiyo, kila mgeni aliyekuja alisimuliwa. Mtoto huyu, Bibi alikuwa akisema, kanitanguliza mimi mbele ya mamaake. Wageni walimtazama Chenda na kichwa chake kitupu, wakatikisa vichwa. Mimi nilikuwa napita na sinia la kahawa. Nilikuwa na mdomo wa kila kitu isipokuwa hicho.

Mwisho wa Mei eda ikaisha. Asubuhi hiyo Bibi alitakiwa aoge, avae nguo mpya, aanze tena kujitia manukato. Chenda alibakiwa na siku mbili kabla ya kusafiri. Alitoa ndimu alizozificha kwenye friza tangu Januari, akazibabua, na nyumba nzima ikanukia kama Ijumaa za zamani. Kisha akaniomba nimuulize Bibi neno moja: kama angekubali kukaa mahali pa mama yake, kwa siku hii tu.

Bi Kheiria alikubali kabla sijamaliza. Tulimweka kwenye kiti cha bafuni. Chenda akapiga magoti, akamwosha mikono, akamwosha miguu, akasimama, akatia koponi maji ya birika na kuyamimina kichwani polepole, akisema kwa lugha yao maneno ambayo hakuna aliyehitaji kuyatafsiri.

Bibi alisubiri amalize, macho ameyafumba.

"Mwambie nnamsamehe, kwa niaba ya mamaake. Na mwambie na hili, Semeni, usiliruke. Mimi nilimfungulia mlango aende, naye akakataa kuniacha. Mama wa mtoto kama huyu hafi na kinyongo."

Nilisimama na taulo. Ningeweza kusema nusu. Nusu ilitosha, na nusu nilikuwa nimeshaizoea. Lakini nilikitazama kile kichwa nilichokinyoa kwa mikono yangu, vinyweleo vimeanza kuchipua, nikashindwa. Nikamwambia yote, neno kwa neno, kwa Kiarabu kile kile cha jikoni.

Kopo lilisimama hewani.

"Mama alisema niende?" Chenda aliuliza.

"Ndiyo."

"Nani alisema nikae?"

"Mimi."

Hakunipigia kelele. Natamani angenipiga lile kopo. Alinitazama, maji yakidondoka kutoka nywele za Bibi mpaka sakafuni.

"Mbona kanyamaza?" Bi Kheiria aliuliza, macho bado yamefumbwa. "Anasemaje?"

Nilifungua mdomo. Chenda akaniwahi, kwa Kiswahili, maneno machache aliyoyaokota katika nyumba ile bila msaada wangu.

"Maji baridi, Mama. Naleta moto."

Akatoka na birika. Hakunigusa alipopita. Nikabaki mimi na Bibi, nikamfunika mabega kwa taulo ili asipigwe na baridi. Alinitafuta mkono, akaukamata.

"Na wewe ahsante, mwanangu," aliniambia. "Bila ya wewe, mimi na yule tungezungumza vipi?"

Kutoka jikoni nilisikia birika likiwekwa mekoni na moto ukiwashwa, kisha sikusikia kitu tena, mpaka maji yakachemka, na yakaendelea kuchemka bila mtu wa kuyatoa.