Picha Tatu za Chumba Kimoja

Bwana Lenzi alimfukuza mjukuu wangu kazi Jumatatu. Jumanne, picha alizopiga mjukuu wangu zilikuwa zimetundikwa dirishani mwa studio, chini yake jina la Bwana Lenzi kwa wino wa dhahabu. Nilisimama nje nikazitazama moja moja mpaka nikamaliza, kisha nikarudi nyumbani nimefura kama chura.

"Bibi, achana naye," mjukuu akaniambia.

"Naachana naye vipi, na bado sijaanza naye?"

Tukatafuta pa kumkamatia, na pakapatikana. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni alitaka picha mpya za vyumba vyake vyote, na vyumba vile vina madirisha mapana yanayotazama bustani. Ukipiga picha ya kawaida, ama dirisha linaungua linakuwa jeupe pe, ama chumba kinakuwa giza tii. Dawa yake ni kupiga picha tatu ukiwa umesimama pale pale: moja ya giza, moja ya wastani, moja ya mwanga mwingi. Kompyuta inazichanganya zinakuwa moja, ukaona kitanda na ukaona maua ya nje. Pale studio mpigaji alikuwa mjukuu wangu. Wakati wa kuchanganya, Bwana Lenzi alikuwa akijifungia peke yake. "Wewe bonyeza, mimi napika," ndiyo kauli yake. Miaka minne binti wa watu hakuonyeshwa hata moshi wa jiko hilo.

Bwana Lenzi alikuwa ameshaiomba kazi hiyo, nasi tukaiomba. Yule mama akasema hana upande. Kila mmoja apige chumba namba tatu siku ya Alhamisi, Ijumaa alete picha moja. Atakayemfurahisha anachukua kazi yote.

"Nimekwisha, Bibi. Kuchanganya sijui."

"Leo Jumanne. Lete kompyuta."

Akanikalisha kitandani kwangu akapiga picha tatu za chumba, kisha akapakua programu tatu za kujaribu. Ya kwanza ilijaa vitufe juu, chini na pembeni, nikadhani ni ya kurushia ndege.

"Ndiyo wanayotumia wataalamu," akasema.

"Waitumie. Wewe unataka kumfunga mtu Ijumaa, huendi chuo. Funga."

Ya pili ilifanya haraka, lakini ukuta wangu mweupe ukatoka zambarau na mito ya kitanda ikang'aa kama imepakwa mafuta. Nikasema hicho si chumba, hicho ni kidonda. Ya tatu ilikuwa na vitufe vinne. Unaburuta picha zako tatu, inazilaza moja juu ya nyingine yenyewe, halafu unasogeza kishale: kushoto mwanga wa upole, kulia mwanga wa makeke.

"Inuka," nikamwambia. "Nikae mimi. Nikiweza bila kukuuliza, ndiyo hiyo."

Ilinichukua asubuhi nzima ya Jumatano. Kipanya kilinitoroka mara nyingi, nami nikakirudisha mara hizo hizo, sikugombana nacho. Mwisho picha ikatokea, na mimi humo nimekaa kitandani, nina vichwa viwili.

Mjukuu akacheka mpaka akashika ukuta. "Bibi, umekuwa mzimu! Ulitingisha kichwa. Katika picha tatu hakitakiwi kutingishika kitu. Mimi huwa nafunga dirisha, nazima feni, nasubiri mapazia yatulie ndipo nabonyeza."

"Bwana Lenzi anajua hayo?"

"Atayajulia wapi? Chumbani haendi. Picha zinamfikia zimeshatulia."

Nilifurahi kimyakimya, ile furaha isiyofaa kusimuliwa mbele ya watoto.

Alhamisi tukapiga sisi kwanza. Tunakunja stendi, Bwana Lenzi akaingia anatiririka jasho. Shikamoo hakunipa.

"Kumbe umeajiri kikongwe!" akamwambia mjukuu wangu.

Akafungua dirisha, akawasha feni mpaka mwisho, mapazia yakaanza kucheza. Akaweka kamera. Mjukuu wangu ana roho nyepesi, kanyaga mguu wake atakuomba yeye radhi. Nikamwona anafungua mdomo kumwambia.

"Twende, mama," nikamvuta mkono. "Goti linaniuma."

Goti lilikuwa zima kabisa.

Ijumaa mama mwenye nyumba akaweka picha mbili mezani. Yetu akaitazama akasema, "Hapa hata mimi ningelala." Ya Bwana Lenzi akaigeuza huku na huku.

"Hii feni ina mapanga mangapi? Na nani hao nyuma ya pazia?"

"Ni kompyuta tu, mama, nitarekebisha..."

"Wageni wangu watasema pana majini! Hapana, baba. Kazi nampa binti."

Bwana Lenzi akamgeukia mjukuu wangu, sauti imekuwa asali. "Mwanangu, rudi studio. Wewe piga, mimi nitachanganya. Tulikuwa tunaelewana."

"Kuchanganya tunaye mtu," mjukuu akajibu, akaninyooshea kidole.

Yule bwana akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. Nilitafuta huruma moyoni, nikatafuta na pembeni, sikuikuta. Mama mwenye nyumba akaleta karatasi ya makubaliano na kalamu. Bwana Lenzi alikuwa bado anahangaika na zipu ya mkoba wake, imekwama.

"Andika jina lako lote, mjukuu wangu," nikasema. "Polepole. Hatuna haraka."

Akaandika, nami nikawa namsomea Bwana Lenzi kila herufi kwa sauti.