Samaki wa Mpangaji Aliyehama

Barua za Fred Okoth hazikunisumbua. Tulipohamia nyumba ile ya kupanga Keroka, Desemba 1969, yeye alikuwa ameshaondoka. Alikuwa bwana mifugo, serikali ikamhamisha, na hakumwachia mtu anwani. Barua zake ziliendelea kuja katika sanduku la posta la mwenye nyumba, ambalo wapangaji wote tulilitumia. Niliandika "Amehama" juu ya kila bahasha nikairudisha dirishani posta. Kazi ikaisha.

Kilichonisumbua ni samaki.

Mama yake alimtumia kikapu cha kambare waliokaushwa kwa moshi, kutoka Kendu Bay. Mizigo kama hiyo haipiti posta. Hupewa utingo wa basi, naye utingo huishusha mlangoni.

"Okoth alihama," nilimwambia utingo.

"Mimi nimeambiwa nyumba ya bati jekundu karibu na kinu cha mahindi. Hii si nyumba ya bati jekundu?"

"Ni hiyo."

"Basi mzigo umefika, Mwalimu." Akapiga ubavu wa basi, likaondoka.

Kambare hana magamba, na sisi Wasabato hatumli. Wiki nyingine ningecheka. Wiki ile sikuweza. Nilikuwa nimetoka kanisa la Nyamache, na barua yangu ya uhamisho wa ushirika ilikuwa imesomwa mara moja tu pale Keroka. Husomwa Sabato mbili: ya kwanza watu wasikie, ya pili wainue mikono kukupokea. Akitokea mwenye neno, inawekwa kando mpaka robo ijayo ya mwaka. Binti yangu Mong'ina alikuwa amepata nafasi katika shule ya bweni ya misheni. Fomu yake ilitaka sahihi ya mzee wa kanisa, na Mzee Ratemo wa Keroka hakumtilia sahihi mtu asiye mshiriki wake. Mwisho wa kupeleka fomu ulikuwa Jumatatu baada ya Sabato ya pili.

Jirani yangu Bochaberi alikuja kuomba moto, akasimama mlangoni akinusa.

"Mama Mong'ina, umeanza kula vya ziwani?"

"Ni mzigo wa mtu."

"Mtu gani anakula kitu hicho?"

"Mwenye mzigo."

"Utupe chooni kabla watu hawajajua."

"Mzigo wako ukiletwa kwangu kwa makosa, nao niutupe chooni?"

Alicheka sana. Lakini nilimjua Bochaberi. Habari ingefika kisimani kabla ya ndoo yake.

Kesho yake nilimrudishia utingo kikapu pamoja na karatasi: "Mama, mwanao alihamishwa Novemba. Usitume kitu tena. Mimi ni mpangaji mpya." Sikuona haja ya kuongeza neno.

Ijumaa alasiri mwanamke mzee alisimama uani kwangu, kikapu kichwani. Alikuwa Akong'o, mama yake Okoth.

"Ni wewe uliandika?"

"Ni mimi. Karibu, mama."

"Mtoto wa shule alinisomea. Nikasema, Fred yuko ndani, amemtuma huyu mwanamke anidanganye. Nimekuja kuona."

Nilimfungulia vyumba vyote. Alitazama nyuma ya milango na chini ya vitanda, kisha akaketi.

"Kweli hayuko." Akakivuta kikapu magotini. "Samaki walirudi wote, hata mkia haukupungua. Watu hawafanyi hivyo. Basi sasa ni wako."

Nilianza kusema kwamba dini yangu hairuhusu. Nikaona jinsi alivyokishika kikapu, nikaacha. Alikuwa amemkosa mwanawe. Kama ningemrudishia na zawadi, angerudi nyumbani na aibu mbili. Kwetu pia mgeni haji mikono mitupu, na mwenye nyumba hamrudishii alicholeta. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikakiweka kando ya meza.

Kabla jua halijatua, Mzee Ratemo aliingia kutufungulia Sabato kwa wimbo na sala, kama alivyozoea kuzungukia nyumba za wageni. Alivua kofia. Pua yake ilifika kwenye kikapu kabla ya macho.

"Mwalimu, nilisikia maneno. Nikasema nije mwenyewe."

"Umefika, omogaka," nikamjibu, kwa neno letu la kumwita mzee. "Keti."

"Huyu mama amekuja na mzigo wake?"

Alikuwa ananifungulia mlango wa kutokea. Ningesema "ndiyo" tu. Mong'ina alikuwa amesimama na birika la chai, akinitazama kinywani.

"Si wangu tena," Akong'o akasema. "Nimempa."

"Umepokea, Mwalimu?"

"Nimepokea."

"Utakula?"

"Sitakula. Nimepokea tu."

"Hiyo ina tofauti gani?"

"Kwake yeye, kubwa."

Ratemo aligeuza kofia mkononi. "Kesho watu wakiniuliza, nitasema nilichoona."

"Sema, omogaka. Na ikiwa utawaambia nimepokea, waambie pia kutoka kwa nani."

Tuliimba. Akong'o aliijua sauti ya wimbo ule, akaufuata kwa Kijaluo. Ratemo aliomba sala fupi, akaondoka bila kunywa chai.

Siku iliyofuata barua yangu ilisomwa mara ya pili. Ratemo alisimama akasema alichoona, bila kuongeza wala kupunguza. Watu walinong'ona. Barua ikawekwa kando.

Jumapili niliwapeleka samaki kwa Aluoch, fundi cherehani Mjaluo wa sokoni, aliyeshukuru kwa sauti ya soko zima. Jumatatu nilimchukua Akong'o, aliyekuwa amelala kwetu tangu Ijumaa, mpaka Kisii mjini, ofisi ya mifugo, kuuliza mwanawe alipelekwa wapi. Tulikaa kwenye benchi mpaka adhuhuri. Karani akapekua, akasema Kitale. Mama alilirudia jina hilo mara kadhaa lisimpotee. Nilimwandikia kwenye karatasi, nikampandisha basi la kwao.

Nilipofika nyumbani fomu ilikuwa bado mezani, bila sahihi.

"Mama," Mong'ina akasema, "samaki ni wakubwa kuliko shule yangu?"

"Samaki wameshaliwa."

"Sijauliza hivyo."

Kweli, hakuwa ameuliza hivyo. Nilimwambia kwamba yule mama hakuwa na mtu mwingine pale, lakini yeye, mwanangu, ananiona kila siku. Hakuridhika. Nilimpa sabuni, nikamwambia afue sare ya shule ya kutwa, kwa maana wanafungua kesho.