Odwori wa Pili

Kila mtu chuoni alijua kwamba ukienda chumba cha kompyuta cha Odwori na flashi mfukoni, unaiacha mlangoni, uwe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au mkuu wa chuo. Mkuu mwenyewe alishakataliwa mbele ya wageni. Kompyuta zote ishirini na mbili zilipulizwa vumbi kila Jumatatu na kufunikwa vitambaa kila jioni, na kwa miaka minne kirusi hakikupata pa kulala. Odwori alilijua hilo, na alipenda wengine walijue pia.

Basi Ijumaa ile, saa nane na robo mchana, Patricia msajili alipomwita kwamba sanduku la barua pepe la chuo limejifunga, alikwenda kwa mwendo wa daktari anayeitiwa mafua.

"Umekosea neno la siri," alisema.

"Sijaligusa. Lilikuwa wazi, likanitoa lenyewe."

Odwori akaketi, akasoma kioo. Kuna mtu alikuwa amejaribu kuingia mara kumi na moja tangu asubuhi. Mwenye sanduku alitakiwa athibitishe kwa tarakimu sita zilizotumwa kwenye simu inayoishia na 47.

Hayakuwa mafua tena.

Ndani ya sanduku lile mlikuwa na alama za wanafunzi mia moja themanini na sita waliomaliza masomo. Saa kumi kamili zilitakiwa kwenda baraza la mitihani, kutoka anwani ile na si nyingine. Atakayezipata tarakimu sita kabla ya hapo angekuwa mwenye alama. Angempandisha aliyeanguka, akamwangusha aliyejiumiza kusoma miaka miwili, na baraza lingepokea tu.

"Hiyo 47 ni simu ya nani?" Patricia aliuliza.

Odwori alijifanya bado anasoma kioo. Ilikuwa yake. Alipolifungua sanduku lile alikuwa akitumia laini ya Kenya, kama nusu ya mji. Busia ya Uganda mtandao wa ng'ambo huingia hadi chumbani bila kupiga hodi, na mwaka ule ulikuwa na nguvu kuliko wa kwao. Baadaye akahamia laini ya Uganda, ile nyingine akaitupa kwenye droo. Laini isiyotiwa salio muda mrefu hufungwa, kisha huuziwa mtu mwingine. Jambo hilo aliwafundisha wanafunzi kila muhula.

Akatoka nje asije akasikiwa, akapiga namba yake mwenyewe ya zamani.

Mwanamke alipokea. Nyuma yake cherehani ilikuwa ikinguruma, kisha ikanyamaza.

"Mama, naitwa Odwori, natoka chuo cha..."

"Odwori wa ngapi?"

"Sijaelewa, mama."

"Wa kwanza amenipigia tangu saa nne. Mara tano. Anataka nimsomee namba zinazoingia kwa simu yangu. Angalau yeye ana adabu, ananiuliza hali ya watoto. Wewe umeingia tu kama askari wa kanjo anayefukuza wachuuzi."

"Yule ni mwizi, mama. Umemsomea?"

"Na yeye ameniambia kuna mwizi atanipigia simu akijiita jina lake. Sasa nyinyi malizaneni huko, mimi nina sare arobaini za kushona."

"Niambie uko wapi, nakuja sasa hivi."

"Njoo, kama una miguu. Mwizi wa simu huwa hana. Uliza Amoit fundi, nyuma ya maegesho ya malori, upande wa Kenya."

Odwori alitia laptopu mgongoni akaondoka. Foleni ya malori ilikuwa imeziba barabara, boda boda hazipiti, akaenda kwa miguu, nusu akikimbia. Karibu na forodha alipita ukuta wa duka aliouandika kwa brashi yake mwenyewe zamani: ODWORI, DAKTARI WA KOMPYUTA, YUPO CHUONI. Chini yake namba ya simu, tarakimu kubwa kama viatu. Ilikuwa ile ya 47. Miaka yote alipita hapo akiinua kichwa. Leo alikiinamisha. Jina, chuo na namba, kila alichohitaji mwizi, alikuwa amemwekea barabarani.

Alifika saa tisa na dakika ishirini, shati limemganda mgongoni. Amoit alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, futi ya kupimia shingoni. Alimtazama kuanzia viatuni.

"Kumbe miguu ipo."

Odwori akampa kitambulisho cha chuo. Hakukipokea.

"Kijana wangu, hapa mpakani nikitaka kitambulisho cha askofu, kufika jioni ninacho."

Kabla hajajibu, simu ya mama ikalia juu ya meza. Amoit aliinua kidole kumnyamazisha, akaiweka kwenye spika.

"Pole na kazi, mama," sauti ilisema, laini, haina haraka. "Ni mwalimu Odwori tena. Watoto hawajambo?"

Odwori alitaka kuinyakua simu ile. Kidole cha Amoit hakikushuka.

"Hawajambo, mwalimu. Binti yangu Juliet si unamfundisha? Hebu nikumbushe, siku ya kwanza darasani uliwaambia nini kuhusu hizi namba?"

"Niliwaambia wazitunze sana, mama. Wamsomee mwalimu wao tu. Ndiyo maana nakuomba..."

Amoit akamgeukia aliyesimama mbele yake, nyusi juu.

Odwori akaikumbuka siku hiyo. Alikuwa amepiga meza ngumi, darasa zima likacheka. Akasema polepole, "Niliwaambia hata nikipiga mimi Odwori, nikilia, nikiapa kwa kaburi la baba yangu, wasinisomee. Na wewe mama, usinisomee."

Simu ikakatika upande wa pili.

"Juliet aliniimbia maneno hayo wiki nzima," Amoit alisema. "Nilikuwa nangoja nione kama mwenyewe anayakumbuka. Sasa tunafanyaje, mwalimu?"

Odwori alifungua laptopu kando ya cherehani, akaomba tarakimu mpya, kisha akageuka akatazama ukuta wenye sare za bluu. "Andika mwenyewe, mama. Mimi sioni."

Alisikia kidole kimoja kikigonga, polepole mno.

"Imekataa. Inasema nimebakiwa na mara moja."

"Zimeingia ngapi?"

"Mbili, ndani ya dakika moja."

Mwizi naye alikuwa ameomba. Shingo ilimwasha Odwori ageuke, asome, aandike kwa vidole vyake vyepesi. Akabaki ameutazama ukuta.

"Tumia iliyoingia mwisho. Ndiyo inayoiua ya kwanza."

Kidole kikagonga mara sita.

"Imefunguka," Amoit alisema.

Alama zilikuwa vilevile tangu jana, hakuna aliyezigusa. Odwori akabadilisha neno la siri, akafika mahali pa kuweka simu mpya, akaandika nusu ya namba yake. Akaifuta. Akampigia Patricia.

"Nipe namba ya simu ya ofisi yako."

"Ya nini?"

"Ya sanduku. Ile 47 ilikuwa yangu mimi. Andika hivyo kwenye ripoti."

Patricia akaitaja namba. Saa tisa na dakika hamsini na mbili alama ziliondoka kwenda barazani.

"Juliet wangu amepata ngapi?" Amoit aliuliza, uzi mdomoni.

Orodha ya alama ilikuwa bado wazi kwenye laptopu mbele ya Odwori. Akaifunga. "Siwezi kukuambia, mama."

Amoit akacheka hadi uzi ukamdondoka. "Sasa ndiyo nimeamini ni wewe."

Kabla ya kuondoka Odwori aliomba mkasi. Alinyimwa ule wa kitambaa, akapewa wa zamani wenye kutu. Alisimama mbele ya ukuta karibu na forodha akaanza kukwangua, tarakimu moja baada ya nyingine, rangi ikimwagikia viatu.

"Daktari," mwenye duka aliita kutoka ndani, "umefunga zahanati?"

"Bado," Odwori alisema, akaendelea kukwangua. "Natibu ugonjwa wangu kwanza."