Usiku Kija Alipomtukana Machibya

Pantoni ilikuwa imeshaiacha Kamanga, maji yanachemka nyuma yake, ndipo Machibya alipolitoa lililokuwa moyoni mwake tangu asubuhi.

"Kija, leo simama upande wangu."

Kija akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki.

"Mimi Mgika, wewe Mgalu. Unataka babu yangu afufuke anichape?"

"Vijana wa kikundi wamenipa usiku huu mmoja. Uwanja ukinihama, wimbo anashika yule kijana Masalu, mimi nabaki mbeba ngoma."

Miaka thelathini mashamba yao yalipakana, na walizikiana wazazi, ila kwenye ngoma hawakuwahi kusimama pamoja. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma, ndivyo walivyo huko Usukumani: ukishaingia chama kimoja hutoki, na shindano halina jaji. Ngoma mbili hupigwa wakati mmoja, kila moja upande wake. Watazamaji wakihamia kwako, umeshinda.

Mjini walipokelewa na Mwanaharusi, mjane wa Mabatini ambaye kwake walilala kila walipoleta pamba.

"Mbona mmenuna, shemeji zangu? Mkesha wa sanaa huu, si msiba."

Ulikuwa mwaka tisini na tano. Biashara zimefunguliwa, na kila mwenye bidhaa anatafuta kelele. Uwanjani palikuwa na wachoraji wanaochora kwa mwanga wa karabai, maigizo, taarabu, sarakasi. Wale watatu wakazunguka wakitafuna mihogo, na Machibya aliwacheka wanasarakasi mpaka akasahau hofu yake. Saa sita wakaachana: Machibya kwa Bagalu, Kija kwa Bagika, Mwanaharusi katikati na kapu lake la chai.

Machibya alianza vizuri. Halafu ng'ambo ya uwanja kampuni moja ya sabuni ikafungulia spika ndefu kama milango, bendi ikalia, na watu wakaondoka. Bagalu wakaondoka. Bagika nao, hadi wapiga ngoma wao. Machibya akabaki anaziimbia nyasi, sauti inapungua, na Masalu pembeni amekunja mikono anasubiri zamu.

"Shemeji, vuka basi!" Mwanaharusi akamwambia Kija. "Mwenzio anaaibika."

Kija akanyanyua mguu. Akaurudisha.

"Nikivuka atapata mtazamaji mmoja. Huyu amekosa adui."

Akakaza shuka kiunoni, akaimba peke yake kutoka upande wa Bagika, kwa sauti yake mbaya:

"Machibya alipanda juu ya paa, anamkimbia fisi! Kumbe mama mkwe anakohoa!"

Machibya akageuka kama aliyepigwa kofi. Kisha kifua kikamjaa.

"Kija alioa amevaa suruali yangu! Mimi nikashinda ndani na kanga ya mama mpaka harusi ikaisha!"

"Suruali yenyewe ilinibana!"

"Ilikubana kwa ugali wa kwetu uliokuwa ukiuvizia!"

Mwanaharusi alicheka mpaka akakaa chini. Wapita njia wakasimama, wakaita wengine: njooni, wazee wanatukanana! Kufikia saa tisa Bagika walikuwa wamerudi kwa Kija na Bagalu kwa Machibya, ngoma zinalia pande zote mbili, na ile bendi haisikiki. Hapo sauti ya Machibya ikafunguka. Akawaimba wanunuzi wapya wa pamba, wapunjaji ambao mizani yao inalala usingizi mkulima akiwa macho. Watu wakaanza kuvuka, wawili, watatu, kumi. Alfajiri Kija alikuwa amebakiwa na mzee mmoja anayesinzia.

Machibya aliongoza wimbo misimu minne zaidi, akaacha mwenyewe magoti yalipokataa. Masalu hakungoja, alikwenda machimboni Geita, akaishia kufungua duka la kinyozi. Bagika walimkataza Kija kuimba tena kwa sababu ya sauti yake, naye akaendelea kulima. Mwanaharusi aliolewa na fundi baiskeli wa Buhongwa. Mkesha haukurudiwa. Sabuni ile iliuzwa miaka miwili, kisha haikuonekana tena madukani.