Chai ya Msusi

Mtaa mzima ulimwita Mama Chai, maana msusi huyu hakukaa kwenye kigoda chake bila chupa ya chai pembeni. Atasuka mistari miwili, atamimina kifunikoni, atapiga funda, atafuta mdomo. Wateja walimtania, "Wewe ukikatwa utatoka majani ya chai!" Naye hucheka nao, pipi ya mnanaa ikimgonga meno. Alidhani hakuna ajuaye kwamba mle ndani chai ilishahama zamani, na mwenye nyumba sasa ni pombe kali.

Siku moja jirani yake, mjamzito, kichwa nusu kimesukwa nusu kimetimka, akamwambia, "Shoga, nimiminie na mimi. Koo limenikauka."

"Imekwisha, mwenzangu."

Jirani akainyanyua chupa aisogeze, apate kunyoosha miguu. Ikacheza ndani, nzito. Akaitua taratibu. Akainamisha kichwa asukwe. Mama Chai akaendelea kusuka, masikio yakimwaka moto. Heri angetukanwa. Kumnyima mjamzito chai! Mtu akikubali kuonekana mchoyo ili asionekane mlevi, amebakiwa na nini?

Ndipo akaikumbuka karatasi iliyobandikwa ukutani pa zahanati: wanaotaka kuacha pombe hukutana Alhamisi alasiri, chumba cha nyuma. Alikuwa ameipita mara nyingi akijifanya haioni.

Alhamisi akajitanda mtandio hadi puani, akazungukia uani. Viti vya plastiki, watu wachache. Na kwenye kiti cha mbele, macho kwa macho, mpishi wa shule ambayo mumewe huendesha gari lake la wanafunzi.

"He! Mke wa dereva! Umefuata nini huku?"

Ulimi una haraka kuliko akili. "Nimekuja kwa ajili ya mume wangu."

"Yule baba mpole? Kumbe! Maskini!" Mpishi akamshika mkono, akamkalisha ubavuni pake. "Pole, mdogo wangu. Mimi mwenyewe nimetoka huko huko. Ya humu hayatoki nje."

Wote wakampa pole. Akazipokea moja moja, kama mtu anayepokea rambirambi za mzima. Alhamisi iliyofuata akarudi, akasimulia jinsi mumewe anavyoficha, anavyotafuna pipi, anavyoapa asubuhi na kuvunja kiapo mchana. Kila alilosema lilikuwa kweli, ila alimvika asiyehusika. Akitoka hapo hurudi kwenye chupa yake.

Jumatano moja jioni mumewe akarudi, akavua viatu, akakaa.

"Mama watoto, yule mpishi siku hizi kila asubuhi ananiletea chai garini. Anajisogeza mpaka puani. Nikasema, salale, na mvi hizi nimependwa!" Akacheka kidogo, kicheko kikamfia mdomoni. "Kumbe ananinusa. Leo kaniambia niende mwenyewe kwa mwalimu mkuu, niseme nakunywa, niliache gari. Ijumaa ikipita sijakwenda, atakwenda yeye. Anasema siri uliyompa ameitunza mpaka imemshinda, watoto wa watu wamo mle ndani."

"Nawe ukamjibu nini?"

"Nikamwambia, ahsante dada."

"Mbona hukukana?"

"Ningekana, angeuliza mlevi wa nyumbani kwangu ni nani."

Mama Chai akauliza, "Umejua tangu lini?"

"Hiyo chupa kila asubuhi unaikuta safi. Unadhani anaiosha nani?"

Alidhani huiosha mwenyewe akiwa amelewa, kisha husahau. Ama kweli, aibu ya maiti aijuaye mwosha. Akajifunika uso kwa viganja, asijue pa kuuweka.

Mumewe hakumgombeza. Akasema tu, "Mimi sitakutaja. Lakini gari lile nalipenda, mke wangu," akaenda kuoga.

Alhamisi Mama Chai hakungoja kukaribishwa. Akasimama, mtandio mabegani, uso wazi.

"Niliwadanganya. Mume wangu hanywi. Yule hata dawa ya kikohozi humlewesha. Anayeficha, anayetafuna pipi, aliyemnyima mjamzito chai, ni mimi."

Mpishi akajishika kiuno. "Weee! Na mimi kila asubuhi namnusa mume wa watu kama nanunua samaki!"

Wakaangua kicheko. Mama Chai hakuweza kucheka, macho aliyashusha sakafuni. Mpishi akamsogelea. "Kesho nitamwangukia yule baba, na kwa mwalimu mkuu siendi tena. Wewe kaa, mdogo wangu. Zile Alhamisi nyingine hukuwamo."

Usiku huo chupa aliiosha mwenyewe, akarudia, akarudia tena, na mumewe akamwacha aoshe. Asubuhi akapika chai, akaijaza.

Jirani hakuwa amekanyaga pale tangu siku ile. Mama Chai alimwona anapita, tumbo mbele, akamwita. "Shoga, njoo. Chai ipo."

Jirani akasita, akaja. Mama Chai akamimina kifunikoni, akampa. Jirani akakileta kifuniko mdomoni, akakizuia hapo, akanusa kwanza.

Mama Chai akaona. Hakujitetea, hakugeuza uso. Akamwacha anuse.